Picha Nyuma ya Picha: Sehemu ya Sita

Kwa aliyetukuta njiani, nitaeleza kwa kifupi. Mimi ni fundi fremu. Nakata mbao, nakata kioo, nagonga misumari midogo, na picha ya mtu inakaa ukutani bila kupinda. Karakana si yangu. Ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye wateja wanamwita Redio kwa sababu akishafungua mlango asubuhi hazimi mpaka jioni. Mimi wananiita Mpole. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama jina hilo nalipenda.

Mtandaoni sikuwa Mpole. Huko niliitwa Bila Breki, nilikuwa na wafuasi wa kujaza uwanja, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumsema Kiongozi na kuwachamba wanaomtetea. Adui yangu mkubwa alikuwa mama mmoja aliyejiita Dada Nidhamu. Yeye alisema nchi hii bila mtu wa kuogopwa haiendi. Mimi nilimjibu kwamba mtu wa kuogopwa hufika mahali akaogopwa na wanawe wa kuzaa. Aliniita kibaraka. Nikamwita mpiga makofi wa kudumu. Mwaka mzima hatukulala bila kutukanana.

Wiki iliyopita niliwaambia jinsi nilivyoropoka siri ya ufundi. Kiongozi akibadilika, ofisi zote hutuletea fremu zao tuwawekee picha mpya. Sisi mafundi hatutoi ile ya zamani. Tunaiacha ikae nyuma, maana imebandikwa kwenye ubao mgumu na inaifanya ile mpya ikae sawa. Kila fundi anafanya hivyo. Nikaandika: "Nendeni mkageuze fremu zenu. Mbele yupo huyu, nyuma yupo yule yule mliyemfukuza. Wanalala kitanda kimoja."

Watu wakageuza. Dada Nidhamu akateremsha fremu ya ofisini kwake ili aniumbue, akakuta yule wa zamani anamtazama. Akapiga picha kwa hasira, akaituma. Kwenye kona ya picha ikaonekana stika ya karakana yetu.

Asubuhi iliyofuata wakaja wanaume wenye viatu vilivyong'arishwa, wakamchukua Redio. Walisema anahifadhi picha za utawala ulioondolewa kwa nia mbaya, na kwamba yeye ndiye Bila Breki. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nakata kioo. Hawakuniuliza hata jina.

Hapo ndipo nilipowaachia. Sasa sikieni nilichofanya baada ya gari lao kuondoka, na mkinicheka mtakuwa na haki.

Nilifunga mlango wa karakana, nikatoa simu ya duka mfukoni, nikawaandikia watu wangu. Niliwaambia mtu wangu wa karibu amekamatwa, na kama yupo aliye jirani na kituo twende pamoja, kwa sababu peke yangu miguu inakataa.

Majibu yakamiminika. Ngumi zilizokunjwa, mioyo myekundu, "tuko pamoja kamanda", "usirudi nyuma". Mmoja aliye nchi ya mbali sana alinishauri nisimame imara. Mwingine aliniomba nikifika kituoni nimpigie picha za geti, azitumie kwenye ukurasa wake.

Nikangoja aandike mtu mmoja tu, "nakuja". Nilikaa kwenye kigoda cha Redio, chai niliyojimiminia ikapoa, ikafanya utando juu. Hakuna aliyekuja.

Ndipo woga ukanishika vizuri. Nikaona kila gari linalopita nje linapunguza mwendo mbele ya mlango wangu. Kabla sijajishauri mara mbili, nikafuta akaunti. Mwaka mzima wa maneno, matusi, sifa na makofi, vyote vikaondoka kwa kidole kimoja. Bila Breki akafa, na hakuna aliyetoa pole.

Nikarudi nyumbani. Nyumbani kwangu kuna viti viwili, na kimoja kinabeba nguo zangu chafu tangu mke wangu ahamie kwa kaka yake. Alipoondoka hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba amechoka kuishi na mtu anayecheka na simu na kununa na mkewe. Sikumjibu kitu. Nilikuwa katikati ya kumjibu Dada Nidhamu.

Siku hiyo nilizungumza na sufuria. Sitanii. Nilipoidondosha niliiomba radhi, nikashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi simu ya duka ikalia. Nikadhani ni mteja wa picha ya mahafali anayenisumbua.

"Nimeipata namba hii kwenye stika," sauti ya mwanamke ikasema. "Ninamtafuta Bila Breki."

Nikasogeza kidole kwenye kitufe cha kukata.

"Mimi ni Dada Nidhamu. Usikate. Kama unataka kunitukana nitukane upesi, tuna kazi."

Aliniambia yeye ni karani wa mapokezi katika zahanati. Fremu aliyoigeuza ilikuwa pale juu ya dirisha lake la kuandikishia wagonjwa. Asubuhi hiyo mke wa askari mmoja alileta mtoto mwenye homa, na katika kulalamika kwamba mumewe hapumziki akasema leo mchana wanampeleka yule fundi wa picha makao makuu. Sote tunajua habari za makao makuu. Waliopelekwa kule hatujamwona hata mmoja akirudi kusimulia.

"Mimi nilitaka kukuumbua," akasema. "Nilitaka watu waone wewe ni mwongo. Sikutaka mtu afungwe."

Nikamwambia wamemkamata siye. Nikamwambia Bila Breki yuko nje, anaongea naye, na aliye ndani ni shemeji yake asiye na hatia. Nikasikia mgonjwa akikohoa upande wake.

"Basi twende ukaseme," akasema. "Mimi nitakuwa shahidi wako. Mwaka mzima nimekusoma, nitawaambia ni wewe."

Ndugu msomaji, nisikufiche. Niliposikia "twende" nililia. Watu wa kujaza uwanja walinikimbia, na aliyesema "twende" ni yule niliyemwita mpiga makofi.

Tulikutana nje ya zahanati. Nilimtarajia mwanamke mrefu mwenye macho makali. Nikamkuta mama mfupi wa makamo, amevaa kandambili kwa sababu miguu imemvimba, na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Aliniangalia juu mpaka chini kama anayekagua mzigo uliochelewa.

Njiani aliongea yeye. Alinieleza kwa nini anamtetea Kiongozi. Zamani zahanati yake ilikuwa haina dawa na daktari alifika akitaka, na tangu aje huyu mkali, daktari anafika. Alisema woga umeponya watu aliowaandikisha kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa na la kujibu, tena zuri, lakini halikupanda mpaka mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona huongei?" akaniuliza. "Yule wa kwenye simu asingeniacha nimalize hata sentensi."

Nikamwambia nawaza. Akasema haya, waza, lakini tukifika usiwaze.

Kituoni, kwenye benchi la nje, mke wangu alikuwa amekaa na kikapu cha chakula cha kaka yake. Walikuwa wamekataa kukipokea. Nilimsalimia, akaitikia huku akiangalia mfuniko wa kikapu. Nilitaka kumwambia nimekuja kumtoa kaka yake. Nilitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa. Nikasema, "Jua kali leo," nikaingia ndani.

Ofisa wa upelelezi alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, mtaratibu, wala hakufoka. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha ya Kiongozi. Niliitambua fremu, niliigonga mimi mwenyewe. Nilijua aliyelala nyuma yake, na nadhani ofisa naye alijua, ila katika chumba kile hakuna ambaye angethubutu kupandisha mkono.

"Mimi ndiye Bila Breki," nikasema.

"Nani?"

Nikarudia. Sauti ilitoka nyembamba, ikabidi nirudie mara ya tatu. Nikaweka simu ya duka mezani. Akaifungua, akapekua, hakukuta kitu. Nikamwambia nimefuta jana. Akaniuliza nilifuta kwa nini. Nikamwambia niliogopa.

Alivua miwani akanitazama kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko kofi.

"Mzee, huyu Bila Breki nimemsoma kwa muda mrefu. Ni kazi yangu kumsoma. Hana haya na haogopi mtu. Wewe umeingia hapa unatetemeka. Unampenda shemeji yako, na si vibaya. Nenda nyumbani."

Dada Nidhamu akaingilia. Akasema yeye ni shahidi, amegombana nami mwaka mzima, na anamwunga mkono Kiongozi kwa moyo wake wote kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Ofisa akamwuliza amenifahamu lini kwa sura. Akasema leo. Ofisa akatikisa kichwa, akanigeukia.

"Basi tufanye hivi. Mseme Kiongozi. Hapa hapa, kama ulivyokuwa unamsema. Nakupa ruhusa, sitakuandika. Nisikie tu."

Sasa hebu fikirini. Mtu aliyemtukana mkubwa wa nchi kila jioni akiwa amelala chali kitandani, leo anaombwa kwa adabu amtukane kidogo.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Kiongozi..." Nikameza mate. Nikasema, "Kiongozi si mzuri." Basi. Ndicho kilichotoka. Askari aliyesimama mlangoni alitazama pembeni kwa aibu aliyonionea. Dada Nidhamu aligeuka akaniangalia, nami nikaona mashaka yakianza kuingia machoni mwake.

Ofisa akaagiza Redio aletwe.

Aliletwa akichechemea, shati halina vifungo, mdomo umevimba upande mmoja. Aliponiona alishtuka, halafu akatabasamu kwa ule upande mzima.

"Shemeji, umefuata nini huku? Karakana umemwachia nani?"

Ofisa akamweleza kwamba nimekuja kudai mimi ndiye Bila Breki. Redio akacheka mpaka akashika mbavu zilizomuuma.

"Huyu? Ofisa, huyu akigongwa na nyundo kidoleni anaomba radhi kwa nyundo. Huyu ni mume wa dada yangu, na dada yangu hana mwingine. Mwache aende. Maneno yale ni yangu. Muulize mteja yeyote aliyewahi kuleta picha kwangu."

Ofisa akamwambia na yeye amseme Kiongozi. Redio hakuuliza mara mbili. Akajiweka sawa kwenye kiti kama yuko karakana, na kwa mdomo ule ule uliovimba akafungulia maji.

"Mkubwa wetu akipiga chafya, mawaziri wanagombania kumpa leso. Akipotea njia, wanaikamata ramani. Mwaka jana alisema mvua itanyesha, haikunyesha, mkuu wa hali ya hewa hajaonekana mpaka leo. Na sisi tunapiga makofi. Tunapiga makofi mpaka tumesahau mikono ilikuwa na kazi nyingine. Au nadanganya, jirani?"

Askari wa mlangoni aling'ata mdomo asicheke. Dada Nidhamu alikuwa amesimama wima, mkono kifuani.

"Ni huyu," akasema polepole.

Ofisa akamwuliza ana uhakika gani.

"Kila alichoniandikia alimalizia hivyo. Au nadanganya, jirani. Na hata asingesema hivyo, ningemjua. Ni huyu."

Nimefika mahali ambapo sina pa kujificha tena, na ninyi mmenifuata wiki zote hizi mkidhani nawaambia ukweli mtupu. Mama yule hakudanganya. Maneno yalikuwa ya Redio. Mchana kutwa yeye aliongea na wateja kule mbele, akijibu hata ya Dada Nidhamu waliyomsomea, akiwachekesha huku anawapimia fremu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nimetega masikio. Jioni niliyachapa kama yalivyo, nikavuna makofi. Aliyatoa bure kwa watu watatu wanne, mimi nikayauza kwa uwanja mzima kwa jina langu la bandia. Nadhani alijua siku nyingi, na hakuwahi kuniambia kitu.

Langu mwenyewe lilikuwa moja tu. Ile ya kugeuza fremu. Siku ile nilitaka kwa mara ya kwanza niseme neno lililotoka kichwani mwangu, na ndilo hilo lililomweka Redio mbele ya meza ile.

Nikajaribu kuyasema haya yote kwa ofisa. Nilisema nusu nusu, nikarudi nyuma, nikachanganya. Hakuwa akinisikiliza tena. Alikuwa anaandika. Redio aliponyanyuliwa alinigeukia na kuniambia kwa sauti ya chini, bila utani wowote, "Mrudishe dada nyumbani. Ongea naye, shemeji. Hata upuuzi, wewe ongea tu."

Wakampeleka ndani. Sisi tukatolewa nje kama wageni waliokosea mlango.

Dada Nidhamu alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akafuta uso kwa kitambaa. Aliponiangalia hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, hasira yake niliizoea.

"Mwaka mzima nilikuwa nikigombana na yule," akasema. "Nikitoka kazini hakuna mtu nyumbani, nafungua simu, namkuta. Siku ambazo hakuandika nilikuwa na wasiwasi. Nilimchukia, lakini ndiye alikuwa mtu wangu wa kuongea naye. Na sasa nimemwonyesha kwa kidole." Akavuta pumzi. "Samahani, baba. Wewe sasa ni nani?"

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi, tangu mke aondoke, nikitoka kazini hakukuwa na mtu nyumbani, kwamba hata mimi niliwasha simu kumtafuta yeye, kwamba vidole vilivyomjibu vilikuwa hivi. Lakini ningemwambiaje mtu kwamba aliyekuwa upande wa pili wa upweke wake nilikuwa mimi, wakati kila neno alilolipenda na kulichukia lilikuwa la mwingine? Nikabaki nimesimama. Mpweke kama nilivyokuwa siku ile sijawahi kuwa, hata mbele ya ile sufuria.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka kwenye benchi. Aliinua uso kutoka kwenye kikapu. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani alinitazama machoni, naye pia akawa anangoja nijibu.

Nyuma ya uzio gari likawashwa.

Lango likafunguliwa na gari likatoka taratibu. Kwenye kiti cha nyuma, katikati ya askari wawili, alikaa Redio. Vioo vilikuwa vimepandishwa, tukaona midomo yake tu ikienda. Alikuwa anawaambia kitu, na mmoja wao alikuwa anacheka.

Mke wangu aliacha kikapu kikaanguka, chakula kikamwagika vumbini. Akaja akanikamata mkono.

"Sema kitu," akaniambia. "Waambie kitu. Mara hii tu."

Neno halikuja, na safari hii hapakuwa na mtu wa kuniazima. Nikautoa mkono wangu mkononi mwake, nikatembea mpaka katikati ya barabara, nikasimama mbele ya gari.

Dereva akapiga honi. Ofisa akatokea mlangoni akiita jina langu la kweli, ambalo sijui alilipata wapi. Dereva akapiga honi tena, akaingiza gia.

Sikutoka.